Tangazo limewafikia watu elfu tatu, mbona simu haiiti?

Kila mwenye duka, gesti, shamba au gari la kukodisha wilayani Same siku hizi anaambiwa "nenda mtandaoni". Wengi wamekwenda. Ndiyo maana swali tunalolipata zaidi kutoka kwa wasikilizaji wetu si namna ya kufungua ukurasa. Kurasa zipo, na wengine wameshalipia matangazo, shilingi 10,000 hapa, 20,000 pale. Simu ikawaonyesha kwamba tangazo "limewafikia" watu elfu kadhaa. Wanachouliza ni kwa nini kati ya elfu hizo hakupatikana hata mmoja wa kununua.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu fedha inayopotea ina uchungu wake. Kikundi cha akina mama kilichokopa halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kina tarehe ya marejesho. Kampuni ya mtandao haina habari na tarehe hiyo. Yenyewe imeshauza: imekuuzia macho ya watu, na macho hayo yamepita.

Msimamo wetu tunausema mapema. Biashara nyingi za huku kwetu hazipotezi mteja kwa kukosa tangazo. Zinampoteza akiwa ameshafika: ameliona tangazo, amevutiwa, kisha hajui bei, hajui mahali, hana uhakika kama ni matapeli, au amepiga simu isiyopokelewa. Kumlipia mtu wa pili na wa tatu aje kukwama palepale ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Limewafikia" ni neno la kuangalia vizuri. Maana yake ni kwamba tangazo lilipita kwenye kioo cha simu ya mtu. Huenda alikuwa akishusha kidole haraka kutafuta matokeo ya mpira. Tuchukue mfano wa hesabu: tangazo la shilingi 20,000 linawafikia watu 3,000. Kati yao 60 wanaligusa, 12 wanatuma ujumbe, wawili wananunua. Kama faida yako kwa kila mteja ni shilingi 5,000, umepata 10,000 na umetumia 20,000. Sasa badala ya kuongeza fedha ili uwafikie 6,000, jiulize wale 10 waliouliza na wasinunue walikwama wapi. Ukiwaokoa watatu tu kati yao, faida inafika 25,000, na tangazo limejilipa bila kuongezewa hata shilingi.

Jina la Same na balaa lake

Wilaya yetu ina tatizo ambalo wenzetu wa Lushoto au Moshi hawanalo. Kwa Kiingereza kuna neno linaloandikwa hivyohivyo, "same", lenye maana ya "ileile". Mtu aliyeko Nairobi au Ujerumani anayetafuta hoteli ya Same kwa Kiingereza anaweza kueleweka kwamba anataka "hoteli ileile". Ukurasa wako ukiandikwa "Same Guest House" na kuishia hapo, mtambo wa kutafutia hauna namna nzuri ya kujua kwamba huo ni mji ulioko kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Dar es Salaam.

Na si Same peke yake. Mamba ni mnyama wa mtoni, na kwa Kiingereza ni nyoka. Kisiwani ya kwetu inagombana na Kilwa Kisiwani yenye magofu yanayojulikana duniani. Bombo ya huku milimani inafunikwa na hospitali ya Bombo ya Tanga. Mtu wa Suji au Vudee ana nafuu kidogo.

Dawa yake haina gharama. Popote unapoandika jina la biashara, andika na mkoa na nchi: Same, Kilimanjaro, Tanzania. Kisha taja alama ambazo mgeni anazijua kabla hajakujua wewe. Mtalii hatafuti gesti yako kwa jina. Anatafuta Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ile iliyoanza kama pori la akiba mwaka 1951 na ambayo leo watu wanakuja kuona faru weusi, au anatafuta Milima ya Pare na kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Kama uko karibu na njia ya lango la Zange, sema hivyo. Kama wageni wako wanapandia Chome kwenda msituni, sema hivyo, na ueleze gari linafika wapi na miguu inaanzia wapi. Kwa mteja wa nyumbani andika anavyosema mwenyewe: "gesti Same Mjini", "chumba chenye maji ya moto", "sehemu ya kulaza gari". Msafiri wa lori hatafuti "malazi yenye hadhi".

Pamoja na hayo, jiandikishe kwenye ramani ya Google. Ni bure kwa biashara yoyote yenye mahali inapopatikana, na Google yenyewe inakuongoza kuthibitisha kwamba biashara ni yako. Anayekudai fedha nyingi eti "kukuweka Google" anakuuzia kitu kisichouzwa. Ulipie muda wake kama hukuweza mwenyewe, basi. Weka alama ya ramani mahali halisi mlango ulipo. Tunajua wanaoweka alama katikati ya mji kwa haraka, na mgeni anashushwa na bodaboda mbele ya nyumba ya mtu mwingine.

"Bei njoo inboksi"

Hapa ndipo tunapobishana zaidi na wafanyabiashara. Picha nzuri ya bidhaa, chini yake imeandikwa: bei njoo inboksi. Sababu wanazotupa zinaeleweka. Mshindani ataiona bei na kuishusha yake. Mteja akiona bei atakimbia kabla hajasikia sifa. Na wapo wanaohofia watu wa kodi, ingawa hilo hawalisemi kwa sauti.

Lakini jiweke upande wa mteja aliyenunua bando la shilingi 500. Kuuliza kunamgharimu muda na bando, na anajua akiuliza huenda atajibiwa kesho. Ameona matangazo matano yanayofanana. Moja limetaja bei. Ataanza na nani? Mshindani wako naye ana simu, anaweza kuuliza bei kama mteja yeyote. Kuificha hakumzuii yeye, kunamzuia mnunuzi.

Kama bei inabadilika, andika "kuanzia". Kama inabadilika kila wiki, kama ilivyo kwa tangawizi, andika bei pamoja na tarehe. "Bei ya leo, Jumatatu" kwenye hali ya WhatsApp inatosha, na ikipitwa na muda inafutika yenyewe baada ya saa 24. Bei ya mwaka jana iliyosahaulika kwenye ukurasa ni mbaya kuliko kutokuwa na bei, maana mnunuzi atakuja na gari akiishikilia mkononi.

Kwa tangawizi tuna la kuongeza. Tangazo la "tangawizi bora kutoka Milima ya Pare, wahi sasa" halimsaidii mnunuzi wa jumla wa Dar es Salaam, Arusha au Mombasa. Yeye ana maswali yake: kiasi gani kipo, mbichi au iliyokaushwa, imeoshwa au ina udongo, itavunwa lini, na mzigo uko wapi. La mwisho ndilo kubwa. Tangawizi iliyoko juu Mamba Myamba wakati wa masika na tangawizi iliyokwisha kushushwa barabarani si bidhaa moja kwa mwenye lori, hata kama ilichimbwa shamba moja. Sema gari la tani ngapi linafika. Na andika bei kwa kilo. Gunia halina ukubwa mmoja, lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo wanaifuatilia, na mnunuzi wa mbali akiona "bei kwa gunia" anaanza kubishana nawe kabla hamjajuana. Mchele wa Ndungu vivyo hivyo.

Tangazo lenye majibu hayo linaweza kuwa na picha ya kawaida ya simu, mzigo halisi ukiwa chini kwenye turubai. Kwa mnunuzi wa jumla hiyo inauza kuliko picha ya tangawizi inayong'aa iliyochukuliwa mtandaoni. Anayeijua biashara anajua hiyo si ya Pare.

Jina litakalotokea

Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Kwa hiyo mteja wa mtandaoni wa Tanzania anaingia akiwa na hofu, na ana haki. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, anaangalia kitu kimoja: jina linalotokea kwenye kioo.

Fikiria ukurasa wa kikundi cha akina mama wa Mwembe wanaouza vikapu. Mteja wa Dodoma ameridhika, anatuma fedha, na jina linalotokea ni la kijana wa kiume asiyetajwa popote. Anasitisha. Huyo hakukosa hela wala nia. Mara nyingi kijana mwenyewe ni mtoto wa mwanakikundi, aliyesaidia tu kwa sababu ndiye mwenye simu kubwa. Mteja atajuaje?

Tafuta lipa namba ya jina la biashara au la kikundi. Mitandao ya simu inazitoa kwa wafanyabiashara wadogo pia. Ikiwa bado unatumia namba ya mtu, andika wazi kwenye ukurasa: "Malipo kwa namba hii, jina litakalotokea ni la mhazini wetu fulani." Mstari mmoja huo umeondoa hofu kuliko maneno kumi ya "sisi ni waaminifu". Anayelazimika kusema kila siku kwamba ni mwaminifu, huku kwetu tunamtazama mara mbili.

Eleza pia mzigo unasafirije: basi gani, unafika lini, nani analipa nauli ya kifurushi, na ukifika umeharibika itakuwaje. Ukiweza, ruhusu malipo ya awali ya sehemu tu. Jumia, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Imani kati ya watu wasioonana inajengwa polepole hata ukiwa na mtaji mkubwa, na hapo mfanyabiashara mdogo ana kitu ambacho kampuni kubwa haina: ana ndugu, majirani na watu wa Same waliotapakaa Dar es Salaam wanaoweza kusema "huyu namjua". Waombe wateja walioridhika waandike maoni yao kwenye ramani ya Google au chini ya picha. Usijiandikie mwenyewe. Inajulikana.

Tovuti nyepesi, na iwe yako

Si kila biashara inahitaji tovuti. Kwa muuza nyanya wa Hedaru, WhatsApp ya biashara, ambayo ni bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, inatosha kabisa. Tovuti inaanza kuwa na maana kwa gesti, waongoza watalii, viwanda vidogo na vyama vya ushirika, yaani wale ambao mteja wao yuko mbali na anataka kuwachunguza kwanza.

Anayetengenezewa atazame uzito. Picha moja ya simu za leo inaweza kuwa na MB 3. Weka nane kwenye ukurasa mmoja, ni MB 24. Msafiri aliyeko Makanya mtandao ukisuasua hatasubiri. Google ilichapisha mwaka 2016 kwamba zaidi ya nusu ya wanaofungua ukurasa kwa simu huondoka ukichukua zaidi ya sekunde tatu, na huko walipopima mitandao ilikuwa na kasi kuliko ya kwetu milimani. Njia ya mkato ya kupunguza uzito: jitumie picha mwenyewe kwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida, kisha tumia ile iliyopokelewa. Imepungua sana na kwenye simu macho hayaoni tofauti.

Namba ya simu ikae juu kabisa ya ukurasa, iandikwe kama maandishi, si ndani ya picha, ili mtu akiigusa simu ipige. Ianze na +255, maana Taveta na Voi si mbali na wateja wapo. Na kumbuka kwamba jirani yako mwenye kitochi hataiona tovuti hata siku moja. Atasomewa namba tu na mtoto wake.

Jambo la umiliki ni zito. Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz au jingine, liandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Fundi akihama au mkikosana, bila hilo huna tovuti, na jina ulilolitangaza miaka mitatu linabaki mikononi mwa mtu mwingine. Kabla ya kulipa fungu la mwisho, dai nywila zote na ujue ada ya mwaka inalipwa lini na wapi. Ukurasa wa Facebook nao uwe na msimamizi zaidi ya mmoja.

Na usitegemee mlango mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikabaki na intaneti ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikarejea siku kadhaa baadaye. Katika siku kama hizo anayeendelea kuuza ni mwenye namba za wateja wake kwenye daftari. Daftari hilo lilinde: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka utumie taarifa za mtu kwa sababu aliyokupa. Aliyenunua kilo tano za tangawizi hajaomba ujumbe wako kila asubuhi.

Ukiamua kulipia

Hayo yakikaa sawa, kulipia tangazo kuna maana, hata kwa fedha kidogo. Kosa la kawaida ni kubonyeza kitufe cha kusukuma tangazo bila kuchagua watu. Tangazo la chakula cha mchana Same Mjini likionyeshwa Mtwara limepotea. Facebook na Instagram zinakuruhusu kuchagua mji na umbali. Mwenye mgahawa achague Same na jirani. Mwenye tangawizi achague miji ya wanunuzi. Mwenye gesti afikirie Dar es Salaam na Arusha, na afikirie kalenda: Desemba watu wetu wanapanda kurudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya, na siku za Idi vivyo hivyo. Anayesafiri tarehe 22 amepanga mapema. Tangazo la tarehe 23 limechelewa.

Usitumie shilingi 30,000 kwa tangazo moja. Tengeneza mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu, moja likiwa na bei na jingine bila bei, 10,000 kila moja, siku zilezile, miji ileile. Lililoleta simu nyingi liongezee zile 10,000 zilizobaki. Katika bajeti kumbuka kodi: tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini zinatakiwa kutoza VAT ya asilimia 18. Ukimtumia kijana mwenye kadi ya benki akulipie, mwombe picha ya kioo inayoonyesha kiasi kilichotumika kweli na siku tangazo lilipoisha.

Anayeuza chakula kilichosindikwa asikimbilie tangazo kabla ya kumalizana na TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Na asiandike kwamba tangawizi yake inatibu kisukari. Matangazo ya tiba asili yana kibali chake, kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Sisi tunauza matangazo ya redio, kwa hiyo msikilizaji ana haki ya kutusikiliza kwa tahadhari hapa. Lakini njia ya kupima tunayoipendekeza inatupima na sisi. Kila anayepiga simu au kuja, muulize: umetupata wapi? Chora safu tano kwenye daftari: redio, Facebook au Instagram, ramani ya Google, bango, kuambiwa na mtu. Weka alama moja kwa kila mteja, na duara kwa aliyenunua. Fanya hivyo kwa miezi miwili, ukijumuisha siku ya gulio na siku ya kawaida. Safu isiyo na duara iache, hata kama ni ya kwetu.

Na kabla ya kuhesabu, mpe simu ya biashara mtu wa kuipokea. Ukiwa shambani kusiko na mtandao, weka kwenye WhatsApp jibu la moja kwa moja linalosema utapatikana saa ngapi: "Tupo shambani, tunajibu kuanzia saa 10 jioni." Mteja wa Kariakoo anaweza kungoja hadi saa 10. Asichoweza ni kungoja bila kujua.